Mtoto Akidakwa, Anaitwa Nani Kwanza?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ufukweni Kirumba, hapa Mwanza, mitumbwi ya dagaa ilikuwa ikishusha mzigo wa usiku. Dogo mmoja wa miaka kumi, labda kumi na miwili, alikuwa akizunguka na sado tupu, akiokota dagaa wanaomwagika pale wabebaji wanapopandisha ndoo kutoka majini. Hilo hakuna anayelikataza. Kilichoanguka mchangani ni cha aliyekiwahi. Kosa lilianza alipotumbukiza mkono kwenye ndoo iliyotuliwa chini, akachota mara moja, akachota mara ya pili, na mwenye ndoo akageuka.

"Mwizi!"

Sikupata hata kuhesabu watu. Mmoja alishamkaba ukosi, mwingine alikuwa akitafuta fimbo, na mzee mmoja mwenye mvi, mtu wa heshima kwa kumtazama, akasema apelekwe kituoni akalale na wenzake ili akome. Hakuna aliyeuliza dagaa wenyewe ni wangapi. Yule dogo akageuza shingo kadiri ukosi ulivyomruhusu, akamwona mama mmoja aliyekuwa akitandaza dagaa kwenye chanja, akasema kwa sauti iliyobanwa, "Shikamoo mama."

Yule mama akaacha alichokuwa akifanya. "Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nimelifikiria swali hilo kwa wiki kadhaa sasa, kwa sababu ni swali ambalo nchi nyingi zimelijibu kwa sheria, kila moja kwa namna yake, na majibu hayo ndiyo yanayozitenganisha zaidi kuliko tabia za watoto wao. Tunapolinganisha uhalifu wa watoto wa hapa na wa huko nje, tunaangalia sana mtoto kafanya nini. Kwa maoni yangu tuangalie mkubwa gani anaitwa kwanza baada ya kosa, na mkubwa huyo anabaki na mtoto kwa muda gani.

Kijiweni mazungumzo haya huwa yanaisha mapema. Mtu anasema Wazungu wamewaharibu watoto wao kwa kuwanyima fimbo, wenzake wanaitikia, kahawa inaendelea. Ni hoja yenye wafuasi wengi kuanzia Igoma hadi Nyegezi, na inastahili kujibiwa badala ya kupuuzwa. Uswidi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kumchapa mtoto nyumbani, mwaka 1979. Magenge yanayoisumbua leo yalikuja kushamiri miongo kadhaa baadaye, kwa sababu zake nitakazozigusa. Na kwetu? Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya Watanzania, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini kabla ya kufikisha miaka 18. Kama fimbo ingetosha kumlea mtu, tusingemjua kibaka hata mmoja. Kaa na watoto wanaolala maeneo ya stendi na masoko hapa mjini, usiwahoji, zungumza nao tu mkila mihogo. Kipigo kitatajwa mapema sana miongoni mwa yaliyowatoa nyumbani, sambamba na njaa na kifo cha mzazi.

Tatizo jingine ni takwimu zenyewe. Kila nchi ina daftari lake na namna yake ya kuandika humo. Marekani mtoto anaweza kufikishwa mahakamani kwa kutoroka shule, kukimbia nyumbani au kuonekana nje usiku wa manane, mambo ambayo mtu mzima akiyafanya si kosa lolote. Norwei mtoto wa chini ya miaka 15 hashtakiwi kabisa. Uingereza na Wales anashtakiwa kuanzia miaka 10. Na tukio la Kirumba asubuhi ile halikuandikwa popote. Ukiziweka namba za nchi hizi kwenye jedwali moja, unalinganisha makarani wao. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 kuna watafiti wanaopita mashuleni katika nchi mbalimbali na dodoso lisilo na jina, wakiwauliza wanafunzi wenyewe wamefanya nini. Wanachokikuta kinafanana kwa kiasi cha kushangaza: vijana wengi wanakiri kosa fulani, wizi mdogo dukani, kuvunja kitu cha watu, kupigana, na walio wengi huacha wenyewe wanapokua. Wachache ndio huendelea.

Kuhusu utamaduni, kuna kazi moja ya zamani ambayo ningependa kila mwenyekiti wa mtaa aisikie. Clifford Shaw na Henry McKay walichora ramani za Chicago, wakaweka nukta mahali alipoishi kila mtoto aliyefikishwa mahakamani. Waliyoyaona wakayachapisha mwaka 1942. Mitaa iliyo karibu na viwanda na reli ilikuwa na nukta nyingi mwaka baada ya mwaka, ingawa waliokaa humo walibadilika. Walianza Wajerumani na Waairishi, wakahama. Wakaja Wapolandi na Waitaliano. Kila kabila lilipoingia mtaa ule, watoto wake waliandikwa wahalifu. Lilipohamia mitaa ya nafuu, nukta zilipungua. Damu ya wale watu haikubadilika njiani. Hapa Mwanza pia utasikia watoto wa kabila fulani ndio wakorofi, au wa kutoka visiwani, au wa kutoka mkoa wa jirani. Mimi naona stendi, soko na mwalo wa mitumbwi: mahali ambapo watu wanapita, fedha zinapita, na hakuna anayemjua mtoto kwa jina la baba yake.

Sasa turudi kwa mkubwa anayeitwa kwanza.

Mwaka 1993, karibu na Liverpool, wavulana wawili wa miaka kumi walimchukua mtoto wa miaka miwili kwenye kituo cha maduka wakamuua. Mwaka uliofuata, mjini Trondheim, Norwei, msichana wa miaka mitano alikufa kwenye theluji, na wakati ule ilisemwa kwamba alipigwa na wavulana wa umri wa miaka sita hivi. Umri haulingani, wala matukio hayalingani kabisa, lakini yanawekwa pamoja mara nyingi kwa sababu ya kilichofuata. Uingereza iliwaita polisi, waendesha mashtaka, majaji na magazeti. Wale wavulana walishtakiwa katika mahakama ya watu wazima, na sakafu ya kizimba ikabidi iinuliwe ili waweze kuona juu ya ukingo wake. Nje, watu wazima waliyapiga ngumi magari yaliyowabeba. Mwaka 1999 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema hawakupata kesi ya haki, maana hawakuweza kuielewa. Uingereza nayo, mwaka 1998, ilikuwa imeshafuta kinga ya kisheria iliyodhani kwamba mtoto wa miaka 10 hadi 13 hajui uzito wa anachokifanya mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Norwei waliitwa watu wa ustawi wa watoto na wanasaikolojia. Wale wavulana hawakutajwa majina, hawakushtakiwa, walirudi kwenye shule ya awali wakiwa na mtu mzima wa kuwaangalia. Majirani walikusanywa wakaelezwa. Mama wa marehemu alibaki na uchungu ambao hakuna mfumo unaoweza kuuondoa, na sitaki kumtumia kama pambo la hoja yangu. Ninachokiona ni kwamba mji ule ulijiuliza watoto hawa ni wa nani, na jibu likawa kwamba ni wao.

Anayesoma atasema: sawa, tazama Skandinavia ilivyo leo. Naam, tutazame. Uswidi, ambako umri wa kuwajibika kijinai ni miaka 15, magenge ya dawa za kulevya yamegundua kwamba mtoto wa miaka 14 hafungwi. Yanawatafuta watoto kwa simu, kwenye programu za ujumbe wa siri, yanawapa kazi ya kurusha bomu mlangoni kwa mtu au kupiga risasi, kwa ahadi ya fedha. Serikali ya huko imefika mahali pa kupendekeza kushusha umri huo kwa makosa mazito. Sidharau hofu yao. Lakini angalia jinsi jambo lilivyo: mkubwa wa kwanza kumpigia mtoto simu amekuwa ni genge. Wengi wa watoto hawa wanatoka kwenye vitongoji ambako wazazi wahamiaji wametengwa na kazi, na lugha ya nchi hawaijui vizuri. Na mwalimu, polisi, mtu wa ustawi, kila mmoja alikuwa na sehemu ya taarifa bila kumfikia mtoto. Genge lilimfikia. Ukishusha umri kufika miaka 13, genge litatafuta wa miaka 12, na hilo si utabiri wa kuhitaji mganga.

Marekani ina historia ndefu ya mahakama za watoto. Ya kwanza ilifunguliwa Chicago mwaka 1899, kwa nia njema kabisa: hakimu awe kama baba, asihukumu kwa ukali, atafute kinachomfaa mtoto. Miaka 65 baadaye, mwezi Juni 1964, kijana wa miaka 15 wa Arizona aitwaye Gerald Gault alikamatwa kwa madai ya kumpigia jirani simu ya matusi. Wazazi wake walikuwa kazini. Hakuna aliyewaachia taarifa. Mama alirudi jioni, hakumkuta mtoto, akamtuma kaka mkubwa wa Gerald azunguke kumtafuta, ndipo wakajua yuko mahabusu. Hakimu alimpeleka kwenye shule ya serikali ya kurekebisha tabia mpaka afikishe miaka 21. Mtu mzima angefanya kosa lile lile, adhabu ya juu ilikuwa faini ya dola 50 au miezi miwili jela. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1967 ikaamuliwa kwamba mtoto naye ana haki ya wakili, ya kujua anashtakiwa kwa nini, na ya wazazi wake kuarifiwa.

Nimeikazia kesi hii kwa sababu hapa kwetu tunapenda sana lugha ya ubaba. "Tumpeleke akafunzwe adabu." "Akakae kidogo, atatoka mtu." Ubaba usiomjulisha baba mwenyewe ni hatari hata ukiwa na joho la hakimu. Na katika nchi hiyohiyo, miaka ya 1970, gereza moja la New Jersey lilianza kuwaleta vijana watukutu kwa wafungwa wa kifungo cha maisha ili watishwe: wapigiwe kelele usoni, waelezwe yatakayowapata. Mpango ulipendwa, ukaigwa kila mahali. Watafiti walipokuja kulinganisha waliopelekwa na waliobaki nyumbani, waliopelekwa ndio walioendelea kukosa zaidi. Yule mzee mwenye mvi wa Kirumba alikuwa akipendekeza jambo lilelile bila kujua limeshajaribiwa na limeshindwa.

Nchi iliyonifundisha zaidi ni New Zealand, na nakiri nilianza kuisoma nikiwa na mashaka. Kwa miongo mingi serikali yao iliwachukua watoto wa Kimaori waliokosa, au waliodhaniwa watakosa, ikawaweka kwenye makao yake. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti mwaka 2024 ilikadiria kwamba watu wapatao 200,000, watoto, vijana na watu wazima wasiojiweza, waliteswa katika makao ya serikali na ya taasisi za dini kati ya 1950 na 2019. Wazee wa Kimaori walikuwa wamelia muda mrefu kwamba mtoto wa ukoo hawezi kurekebishwa na mtu asiyeujua ukoo wake. Mwaka 1989 sheria ikabadilishwa. Tangu hapo, kijana akikosa kosa la kutosha kufika mahakamani, unaitishwa kikao cha ukoo: wazazi, bibi, babu, shangazi, wajomba, hata wa mbali. Polisi anasoma kosa. Aliyekosewa anasema alivyoumia, na kijana anamsikia ana kwa ana. Kisha maafisa wanatoka chumbani na kuuacha ukoo peke yake, na ukoo ndio unaopanga: atalipa nini, atafanya kazi gani, ataishi kwa nani, nani atamwamsha asubuhi aende shule. Wakirudi maafisa, mpango unajadiliwa mpaka ukubalike.

Mfumo huo haujamaliza kila kitu. Vijana wa Kimaori bado ni wengi kupita kiasi mahakamani ukilinganisha na idadi yao nchini. Ila kile kitendo cha afisa wa serikali kusimama, kufungua mlango na kutoka, kinaniambia jambo kuhusu sisi. Maana msomaji yeyote wa Usukumani anakijua kikao hicho. Tulikuwa nacho, na hatukuhitaji Bunge kutuletea.

Jioni, kwenye shikome, moto ukiwaka nje ya boma, wavulana walikaa na wanaume wakubwa. Hapo mtoto aliyechunga ng'ombe vibaya wakaingia shamba la jirani alisemwa mbele ya wote, na baba yake alisemwa pia. Mchana kulikuwa na elika, vijana wa rika wakilima kwa zamu mashamba ya watu, mvivu akijulikana kabla jua halijapanda. Sitaki kupaka sukari. Mtoto wa shikome alichapwa, msichana hakuwa na nafasi ile, na mgeni asiye na ukoo hakuwa na wa kumsemea. Lakini swali "wewe ni wa nani" lilikuwa na jibu, na mwenye jibu alikuwa umbali wa kutembea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Usukumani na Unyamwezini, ndipo ikazaliwa sungusungu. Wengi wetu tunaikumbuka kwa fahari, na ilileta usingizi kwa watu waliokuwa wameacha kulala. Pia iliumiza watu bila ushahidi, wanawake wazee wakiwamo, na ilitufundisha kwamba kundi la watu wenye hasira linaweza kuwa mahakama. Nadhani umati wa "mwizi!" mjini umerithi ile mbio na kuacha baraza. Mbio zipo, mkutano wa kumsikiliza mkosaji haupo, wazee wa kusema "hapo inatosha" hawapo. Kilichobaki ni mikono.

Sheria yetu iko mbali sana na umati huo, na ni nzuri kuliko watu wengi wanavyojua. Kanuni ya Adhabu inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai hata kidogo. Na wa chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alijua asingepaswa kufanya alichofanya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, inaunda Mahakama ya Watoto, inataka kesi isikilizwe faraghani na afisa ustawi wa jamii awepo, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Majirani zetu nao wamesogea: Uganda iko miaka 12, na Kenya mwaka 2022 ilipanda kutoka miaka 8 hadi 12. Afrika Kusini imefika hapo pia mwaka huohuo, na tangu 2010 ina utaratibu wa kumtoa mtoto kwenye mkondo wa mahakama mapema, akiwekewa masharti na mtu wa kumfuatilia. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za mtoto inashauri angalau miaka 14.

Ila umri wote huo unategemea karatasi. Yule dogo wa Kirumba hakuwa na uhakika wa umri wake, na bila shaka hana cheti cha kuzaliwa mfukoni. Mtoto aliyelala nje mwaka mzima, akabeba ndoo, akavuta kokoro na wakubwa, ana viganja vya mtu wa miaka ishirini na sura iliyokauka kwa jua la ziwani. Akiandikwa kituoni, anaandikwa umri ambao mwandishi ameukadiria. Anayekadiria akikosea kwa miaka miwili, sheria nzima ya watoto inafunga mlango. Mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kupata mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bure, na hilo litawaokoa wengi watakaokua sasa. Waliozaliwa kabla wapo mwaloni leo.

Kuna na lile la uzururaji. Tulirithi kwa mkoloni makosa ya kuwa mtu asiye na kazi wala makazi, yaliyotungwa Uingereza mwaka 1824 dhidi ya maskini wao. Kwa miaka mingi msako wa usiku mjini umewazoa watoto kwa sababu hiyo: hawakuiba, walikuwa wamelala. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa hapo Arusha tu, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Mtoto aliyekamatwa kwa kulala anapelekwa kukaa na walioiba, na hapo ndipo anapata mkubwa wake wa kwanza wa kumfundisha kazi.

Na akitiwa hatiani? Shule ya maadilisho iko Irambo, Mbeya, zaidi ya kilomita 700 kutoka hapa. Sina ugomvi na walimu wa huko, kazi yao ni ngumu. Nauliza tu, bibi wa Mabatini anayeishi kwa kuuza karanga atamtembelea mjukuu wake Mbeya kwa nauli ipi? New Zealand wanaupeleka ukoo kwa mtoto. Sisi tunampeleka mtoto mahali ambapo ukoo hauwezi kufika.

Japani ina jambo dogo ambalo hapa lingewezekana kesho asubuhi. Ina watu wapatao 47,000 wa kujitolea, wenye maduka, wastaafu, wake wa nyumbani, wanaowapokea wakosaji waliotolewa, vijana wakiwamo, wakiwaita nyumbani mara kwa mara kunywa chai na kuzungumza. Hawalipwi mshahara. Wengi wao sasa ni wazee, na Japani ina wasiwasi nani atawarithi. Iceland nako, wazazi wa mtaa hupangana kuzunguka pamoja jioni za mwisho wa wiki. Hawabebi rungu, wanaonekana tu. Wakati huohuo halmashauri zao ziliweka fedha kwenye michezo na muziki wa vijana. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa mwezi uliopita. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Watu hawa ni wavuvi pia, nalitaja hilo makusudi.

Maana kwetu kila kitu kinafuata ziwa. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazivuti dagaa, kambi zinalala, ndoo za kubeba hazipo. Mtoto anayeishi kwa vibarua vya mwaloni ana wiki ya kula na wiki ya kutokula, na kila mchuuzi Kirumba anajua ni wiki gani mikono ya watoto inaingia kwenye ndoo. Jambo linalojulikana kwa kalenda linaweza kupangiwa kwa kalenda. Uongozi wa mwalo, mama wa chanja, mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wangeweza kukubaliana majina matatu au manne ya watu wa kuitwa mtoto akidakwa, yakaandikwa ukutani kwa rangi, karibu na bei za ushuru, pamoja na namba 116, ya bure, ya kusaidia watoto. Kwamba akidakwa, hapigwi. Anashikwa, anaulizwa ni wa nani, na aliye ukutani anaitwa. Anayedai, adai mbele yake. Polisi wawepo kwa makosa makubwa, na yapo, siyakatai. Tuliosikia habari za panya road kule Dar es Salaam mwaka 2022 tunajua vijana wanaweza kuua. Lakini nina shaka kama hata mmoja wao alianza na panga. Walianza na ndoo ya mtu.

Asubuhi ile hakukuwa na jina lolote ukutani. Kulikuwa na yule mama. Alimtoa dogo mikononi mwa watu kwa kumshika yeye mwenyewe, kwa nguvu, akamkalisha chini ya chanja. Tukajua baba yake yuko kambini Ukerewe, mama ameolewa kwingine, anaishi kwa bibi Mabatini, na bibi hana simu. Ikahitajika bodaboda ya kwenda kumfuata. Aliyetoa nauli, sikuamini macho yangu, ni yule mzee mwenye mvi. Bibi alifika amevaa kandambili zisizofanana, akamsalimia kila mtu mmoja mmoja, akaketi mchangani. Mwenye ndoo alisema hasara yake. Walizungumza kama dakika ishirini, pengine zaidi, na ikakubaliwa dogo aje asubuhi tatu mfululizo kugeuza dagaa, atakula hapo hapo, na asubuhi ya tatu deni liishe.

Siku ya kwanza alikuja. Ya pili alikuja, akachelewa. Ya tatu nilipita saa mbili, hayupo. Mwenye ndoo alikuwa ameshaanza kusema aliyokuwa amejizuia kuyasema. Yule mama alimwachia jirani chanja zake, akafunga kanga upya, akaanza kupanda kuelekea Mabatini.